Madame Bibiane na Kiingereza cha Kugombana

Kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu Madame Bibiane kilikuwa sauti yake, na niliichukia kabla ya kumwona mwenyewe. Nilikuwa nikipita nyuma ya ua wa mabati katika mtaa wa Ngezi, hapa Bunia, muda mfupi baada ya kurudi nyumbani na diploma yangu, nikasikia mwanamke akifoka kwa Kiingereza: "You must pay!" Lazima ulipe. Mwanamke mwingine akamjibu, naye akijitahidi kuwa mkali: "I can't pay!" Siwezi kulipa. Kisha ile sauti ya kwanza ikageukia Kiswahili cha kwetu:

"Mbaya! Mbaya kabisa! Unamuambia ao unamulilia? Weye Hélène, ukisema vile ataona unaogopa. Anza tena."

Nilichungulia kwenye tundu la bati. Chini ya hangari, yaani paa la mabati lililosimama juu ya nguzo bila kuta, kundi la wanawake wa sokoni lilikuwa limeketi kwenye mabenchi. Katikati yao begi la shule lilikuwa limewekwa juu ya kiti, kama mtu anayeshtakiwa. Upande mmoja alisimama Hélène, muuzaji wa mabegi na viatu vya wanafunzi. Upande wa pili alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, aliyekunja uso kana kwamba begi lile limemwibia. Huyo ndiye Madame Bibiane. Haukuwa ugomvi. Lilikuwa somo.

Shuleni sisi tulifundishwa vitenzi hivi vya Kiingereza kwa kuviimba: can, could, may, might, must, should, will, would. Tuliviimba vizuri kama kwaya, tukamaliza mwaka, tukavisahau. Madame Bibiane hakuimbisha mtu. Kwake, kitenzi kidogo cha namna hiyo hakina kazi mpaka kisimame mbele ya kitenzi cha kila siku: kwenda, kulipa, kutoa, kungoja, kuona. Kitenzi cha kila siku ni miguu tu, alisema, hakijui kinakopelekwa. Ukisikia "you can go", mtu amekufungulia mlango. Ukisikia "you should go", mtu anakushauri, lakini jicho lake liko mlangoni. Ukisikia "you must go", tayari mkono uko mgongoni mwako. Na mnunuzi akisema "I might go", huenda nikaenda zangu, mguu wake mmoja uko nje, na ni zamu ya mwenye duka kutoka jasho.

Wanafunzi wake walihitaji hayo kwa sababu bidhaa zao nyingi hutoka Kampala. Hapa Bunia tumezoea kutia neno la Kifaransa "il faut" katika kila ombi: faut unipe maji, faut unipunguzie kidogo. Kwetu si matusi, hata mtoto humwambia bibi yake hivyo. Lakini wanawake wetu walikuwa wakivuka mpaka na mazoea hayo, wanamwambia mwenye duka "You must give me", naye anafunga uso na kuweka bidhaa chini. Wao wanadhani anawachukia kwa sababu ni Wakongo. Yeye anadhani wamekuja kumpa amri ndani ya duka lake. Madame Bibiane aliwafundisha kuanza na "Can you reduce?", unaweza kupunguza, halafu "Could you?", ambayo ni laini zaidi, na kuiweka "must" mfukoni mpaka siku ya kudaiwa vibaya. Lakini siku hiyo ikifika, aliwaambia, itoeni yote.

Yeye mwenyewe alikijua Kiingereza kwa njia ngumu. Alizaliwa katika familia ya wakulima huko Djugu. Kijiji chao kilipochomwa na mumewe kuuawa, alivuka Ziwa Albert na kuishi miaka mingi kambini Uganda. Nilipomwomba anieleze alivyojifunza, alinitazama kama ninayemdai kitu.

"Mi sikujifunza ku kitabu," alisema. "Kingereza ndio ilinifukuza-fukuza kwanza. You can't sit here. You must wait. You should go back. Kila mutu mwenye kuwa na uniforme aliniambia hivyo: usikae, ngoja, rudi. Maneno yenyewe sikuyajua, lakini mikono yao nilisikia. Basi nikasema, siku moja miye pia nitaisema, tuone nani atatoka."

Hangari haikuwa yake. Ilikuwa ya Mama Joséphine, mjane aliyeuza makaa kwenye pembe ya kiwanja hicho. Mama huyo alimruhusu Bibiane kufundisha pale bila kumtoza kitu, kwa sababu, alisema, kelele za wanawake zinamwondolea upweke. Lakini Mama Joséphine alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Roger, na Roger alikuwa adui wa darasa lile tangu siku ya kwanza.

Kulikuwa na sababu. Roger alikuwa kamisioneri: huongoza wafanyabiashara hadi Kampala kwa bus anayoikodi, huwasemea madukani, na kuchukua fungu lake. Wanawake waliamini kwamba alichukua fungu jingine kwa mwenye duka, kwa sababu mwenye duka angesema neno fupi na Roger angewafasiria bei ndefu. Kila mwanamke aliyejifunza kusema "Can you reduce?" alikuwa mteja aliyepotea. Na msimu mkubwa wa mwaka ni ule wa kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa, watu wanapotafuta mabegi, viatu na sare. Madame Bibiane alikuwa ameapa mbele ya wote: mwaka huu wanawake wake watakwenda bila Roger.

Mchana mmoja Roger alikuja kuegemea nguzo ya hangari, kijiti cha meno mdomoni.

"Bamama, mukimaliza kuimba munipigie simu," alisema. "Bus iko na nafasi."

"Roger, huyu mwaka bus yako itaenda na viti tupu," Hélène akamjibu, na wenzake wakacheka.

"Na huyu madame yenu," Roger akasema, "kama kingereza yake iko nguvu hivi, juu ya nini haendake naye Kampala? Mumuulize."

Kila mtu pale alijua jibu. Barabara ya Mahagi, inayokwenda mpakani, inapita Djugu, karibu kabisa na mahali kilipokuwa kijiji chake. Tangu arudi kutoka kambini hajawahi kuipita. Roger alilijua hilo kama sisi sote, na ndiyo maana alilisema.

"Roger," Bibiane akasema polepole, "mama yako alikuzaa na mudomo mukubwa, akasahau kutia kintu ndani."

"Musinitie mu bitusi byenu!" Mama Joséphine akapaza sauti kutoka kwenye magunia yake. "Na weye Roger, toka mu hangari yangu. Acha bantu basome."

Akatoka. Lakini alitoka akitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

Mwezi wa saba Mama Joséphine alianguka kando ya magunia yake. Walimpakia kwenye gari la jirani, na alikata roho kabla ya kufika hospitali. Walimzika kijijini kwao, Bogoro, na matanga yakawekwa chini ya hangari yake mwenyewe. Mabenchi ya darasa yakawa mabenchi ya waombolezaji. Madame Bibiane alisimamisha masomo bila kuambiwa. Alipika maharage katika sufuria kubwa na kulia kwa hasira, kama afanyavyo kila jambo.

Desturi yetu inaeleweka na kila mtu. Moto wa matanga ukiwa unawaka, mahali pale hapafanyiki kazi nyingine, na mabenchi hayaondolewi, mpaka wazee wa familia watoe matanga, yaani watangaze kwamba kilio kimekwisha. Kwa kawaida wazee hawachelewi baada ya maziko, kwa maana kulisha watu ni mzigo. Lakini safari hii Roger alikuwa na neno. Kwanza alisema wamngoje mjomba mmoja kutoka Kisangani. Mjomba alipotuma salamu kwamba hatakuja, Roger akasema wamngoje mama mdogo kutoka Aru. Moto ukaendelea kuwaka, huku mwezi wa nane ukiingia. Jioni alikuwa akipita sokoni, meza kwa meza, akisema kwa upole wa mfiwa: "Bamama, bus inaondoka bientôt, karibu tu. Muko na mutu mwengine wa kuwasemea?"

Wanawake wakaanza kuyumba. Mmoja alinong'ona kwamba afadhali Roger na wizi wake kuliko kwenda kusimama dukani kama bubu. Hapo ndipo Madame Bibiane alipomfuata Roger kwenye matanga.

"Roger, matanga itaisha siku gani?"

"Madame, uchungu haina kalendari."

"Uchungu gani? Jana walikuona ku nganda, kwenye pombe, unacheza muziki."

"Kila mutu analia na mwili yake," Roger akasema. "Miye ninaliaka na miguu."

Vijana wa teksi-moto, waendesha pikipiki za abiria, waliokuwa wamekuja kunywa chai walicheka mpaka wakamwaga vikombe. Bibiane hakucheka. Alisimama akiutazama moto, mabenchi, birika la chai, na watu wale ambao hata hawakumjua marehemu lakini wamekaa pale wanakunywa bila mtu kuwauliza. Kisha akageuka na kwenda zake bila kuaga.

Roger alikuwa amefanya kosa ambalo kwetu hata mtoto angeweza kumwonya. Matanga hayana mlango. Anayekuja kulia hafukuzwi, awe rafiki au adui, na anayekaa hupewa kikombe.

Kesho yake mchana Madame Bibiane aliingia na darasa zima. Walikuwa wamejifunga vikwembe, yaani vitenge, kiunoni kama wafanyavyo wanawake wa kilio. Walishika mikono ya wafiwa mmoja mmoja, wakaimba wimbo wa kanisani mpaka mwisho, wakaketi kwenye mabenchi yao. Halafu, kwa sauti ya chini kama ya watu wanaosali, wakaanza kugombana.

"You can't sell this," Hélène alinong'ona. Huwezi kuuza hiki.

"I can sell it. You should look again," jirani yake akanong'ona. Ninaweza. Ungetazama tena.

"I might buy there." Huenda nikanunua pale kwingine.

Sijawahi kuona ugomvi wa namna ile. Nyuso zilikuwa za msiba, mikono imetulia mapajani, na katikati ya midomo maneno yanapigana kama paka ndani ya gunia. Kwa kweli walijifunza zaidi hivyo kuliko walipokuwa wakifoka, maana asiyeweza kupaza sauti hana budi kuchagua neno lenye nguvu yake yenyewe.

Roger alitokea nyumbani, akasimama.

"Munafanya nini hapa?"

"Tunalia na weye," Bibiane akajibu.

"Na kingereza?"

"Mama yako alitusikiaka na kingereza. Tunamulilia na ile alizoea."

"Tokeni! Munatoka bote!"

Mzee Ézéchiel, kaka wa marehemu na mkubwa wa familia, alikuwa amekaa karibu na moto. Aliinua mkono wake. "Roger. Bantu ya kilio, nani anabafukuza? Ni weye ulisema tungoje. Tunangoja. Leta chai."

Roger akaleta chai. Alileta siku ile, na kesho, na siku zilizofuata. Darasa lilikuja kila mchana, na sukari ya Roger ikawa inaisha kabla ya jioni.

Nisimsifu Bibiane kupita kiasi. Mama mdogo kutoka Aru alifika kweli, mwanamke mnyonge aliyesafiri njia mbaya kuja kumlilia dada yake, na yeye hakujua habari za Kampala wala za Roger. Mchana mmoja mchungaji alikuwa katikati ya sala, na Hélène, aliyezama katika mazoezi yake, akasahau akasema kwa sauti kubwa: "You should be ashamed!" Unapaswa kuona haya. Watu wote waligeuka. Mama mdogo hakujua Kiingereza, lakini ukali aliusikia. Aliinuka, akamwaga kikombe chake cha chai miguuni pa Madame Bibiane.

"Dada yangu hajapoa mu udongo," alisema, "na weye unafanya hapa soko!"

Nilingoja Bibiane aombe msamaha. Hakuomba. Alitazama chai ikiingia mchangani, akaenda nyuma ya nyumba kuosha vikombe mpaka sala ikaisha, na kesho yake akarudi na darasa lake. Kwa maoni yangu mama yule alikuwa na haki. Roger alimtumia marehemu kufunga hangari, na Bibiane alimtumia marehemu kuifungua, na kati yao ni mama yule peke yake aliyekuja kulia.

Roger ndiye aliyechoka kwanza. Alimwendea Mzee Ézéchiel, akasema uchungu umepungua. Siku ya kutoa matanga ilipikwa nyama na wali, moto ukazimwa, majivu yakazolewa. Mzee Ézéchiel akasimama na kutamka mambo ya urithi, kama inavyopasa.

"Kiwanja na hangari ni ya Roger, mutoto wa marehemu. Sheria ya familia iko vile. Madame, aksanti kwa kulia na siye."

Hakuna aliyeweza kupinga. Roger alivuka uwanja hadi mbele ya Madame Bibiane. Alikuwa amengoja muda mrefu, na alitaka kulisema kwa lugha ile ile, mbele ya wanafunzi wake.

"Now you must go," alisema kwa sauti kubwa. Sasa lazima uondoke. Na kwa wale wasiojua Kiingereza, alinyoosha mkono kuelekea kwenye geti.

Bibiane alimtazama. Nadhani katika uso wa Roger aliona nyuso nyingine nyingi, zenye kofia na sare. Alikaza kikwembe chake kiunoni, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Aliyesimama alikuwa Hélène. Alikuja na sahani yake mkononi, mafuta bado vidoleni.

"She will go," alisema. "We will go too. We will go to Kampala. You can stay here." Yeye ataondoka, na sisi pia. Tutakwenda Kampala. Wewe unaweza kubaki hapa.

Hakukosea neno, na sauti yake haikuwa ya kulilia kama siku ile ya kwanza nilipomsikia. Wenzake walianza kupiga vigelegele, kisha wakakumbuka walipo, wakanyamaza.

"Kampala?" Roger akacheka. "Mutanipigia simu munalia!"

"Tukilia, tutalia na kingereza," Hélène akasema, akaketi kumalizia nyama yake.

Wiki ile ile waliondoka kwa bus ya watu wote, bila kamisioneri. Madame Bibiane aliwasindikiza hadi uwanja wa mabasi. Alikwenda kutoka dirisha moja hadi lingine akiwatukana mpaka dereva akawasha injini. "Akikuambia you must, unajibu nini? Sema! Nguvu! Weye unakula na mudomo gani?" Bus ilipogeukia barabara ya Mahagi, aliifuata kwa miguu hadi kwenye kizuizi cha askari, akasimama pale. Hakupita.

Sasa hana hangari. Mabenchi yamepangwa nje ya chumba anachopanga, yamefunikwa na hema kuukuu, na akijaribu kufundisha pale majirani wanamrushia maneno juu ya kelele. Roger naye bus yake imesimama, na vijana wa teksi-moto wakimwona wanamuuliza kama hata bus imewekewa matanga. Anajibu kwamba wangoje tu. Wanawake wale, anasema, watarudi na viatu vya mguu mmoja.

Hatujui kilichotokea Kampala. Ujumbe ulikuja mara moja, kwamba wote ni wazima, basi. Asubuhi ya leo Hélène alipiga simu kutoka Mahagi: wamevuka mpaka na mizigo yao, wanangoja askari waruhusu msafara kushuka Bunia. Madame Bibiane alimuuliza nani alisema na mwenye duka, na walimwambia nini, na yeye aliwajibu nini. Mtandao ukakatika kabla ya jibu la kwanza.

Tangu saa hiyo yuko kwenye uwanja wa mabasi, amesimama, ingawa viti vipo. Roger amekaa upande wa pili na kijiti chake cha meno. Hawasalimiani. Wanawake wa soko wameacha meza zao, vijana wa teksi-moto wamezima pikipiki, na mimi pia niko hapa. Magari mawili yaliyobeba mbao yameshaingia, na lori la jeshi. Sasa vumbi jingine limeinuka kule juu kwenye barabara ya Mahagi, kubwa kuliko la kwanza, na Madame Bibiane ameweka mkono juu ya macho yake, anatafuta rangi ya gari.